KONA YA PICHA: Uso bado umo ndani ya giza

Mwezi huu tunaongea juu ya zile foto zilizotoka nyeusi, ambazo wengi wenu mnatuletea mkiuliza kama zinaweza kupona.

Mama mmoja alikuja na simu ya zamani. Ndani yake foto moja tu ya marehemu mume wake, amesimama mlangoni saa sita za mchana. Nyuma yake kweupe kabisa, na yeye mwenyewe kama kivuli. Watoto wake wadogo hawaukumbuki uso wa baba yao. Akasema: « Wanangu, mnitolee baba ya watoto humo ndani. »

Kwanza mjue giza lilitoka wapi. Kamera haijui mtu ni nani. Inapima mwanga wote ulio mbele yake na kutafuta wastani. Ikiona mbingu, shitingi jeupe au mlango wenye jua nyuma ya mtu, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Shitingi inatoka vizuri, mtu anapotea! Na sisi wenye ngozi nyeusi tunaumia zaidi. Hata zamani za filamu, Kodak walikuwa wanapelekea maabara kadi yenye picha ya mwanamke mzungu ili wapimie rangi kwa ngozi yake. Hiyo tuiache, turudi kwenye kompyuta.

Sisi tunatumia GIMP, ni programu ya bure. Fungua foto, nenda Couleurs, halafu Niveaux. Utaona kitu kama mlima na chini yake pembetatu tatu. Mlima ukiwa umelala wote upande wa kushoto, foto iko giza. Ile pembetatu ya kulia isogeze kushoto mpaka pale mlima unapoanzia, kisha ile ya katikati isogeze kushoto polepole. Uso utaanza kutokea.

Lakini kwa foto ya yule mama haikutosha, maana mlango ulikuwa tayari mweupe na mlima umefika mwisho wa kulia. Tulipovuta pembetatu ya katikati kwa nguvu, ukuta ukapauka na uso ukawa wa majivu. Sisi tukajisifu, kumbe! Mama akatazama, akanyamaza, akasema: « Huyu siye. Baba yao alikuwa mweusi. »

Alikuwa na haki. Tukafungua tena foto ya mwanzo. Safari hii tulizungushia mstari uso na shingo peke yake, tukalainisha kingo ili alama isionekane, tukaingia Courbes na kuinua kidogo tu sehemu ya chini ya ule mstari. Macho yakatokea, na kovu dogo juu ya nyusi ambalo sisi hatukulijua. Ngozi ikabaki yake. Vikatokea pia vidoa vya rangi, kama mchanga. Vile hutokea kila unapovuta giza. Tukaondoa rangi kwa Désaturer, foto ikawa ya nyeusi na nyeupe, vidoa vikapungua ukali.

Ila tusidanganyane. Kila nukta ya foto ina namba za mwanga, tangu 0 mpaka 255. Uso ulioandikwa 20 au 30 unaweza kuinuliwa. Ulioandikwa 0 hauna kitu ndani, na programu itakayokuonyesha uso hapo imeubuni yenyewe. Jambo hili ni zito kwa familia zinazotafutana. Mwaka 1994 na 1995, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Goma, maelfu ya watoto waliopotezana na wazazi walipigwa foto na kubandikwa ili mzazi akipita amtambue mwanawe. Foto ya namna hiyo ikiwa giza, mzazi anaweza kupita bila kujua. Ikiwa imepambwa, pia anapita. Kwa hiyo foto ya kumtafuta mtu tunaongeza mwanga tu, hatugusi kovu wala umbo la uso. Na foto ya kitambulisho msituletee kabisa, ombeni ipigwe upya.

Anayepiga leo ajiokoe mapema: mtu asimame ndani karibu na mlango, akitazama nje, mwanga umpige usoni. Kwenye simu nyingi ukigusa uso kwenye kioo, simu inapima mwanga wa uso, siyo wa mbingu.

Mkija kwetu, leteni simu yenyewe au kadi yake. Foto iliyopitia WhatsApp imebanwa, imepoteza mengi. Na foto ya mwanzo msiifute, hata kama ni nyeusi. Kazi yetu tunaihifadhi kwa jina lingine.

Yule mama alichukua nakala mbili. Moja ni ya mkwe wake, aliyeko Muyinga.