Maoni: Wimbo uchanganywe pia kwa ajili ya simu

Fundi wa studio ya Goma au Bukavu akichanganya wimbo kwa bafle kubwa pekee, anawasahau wanaousikiliza kwa simu na redio ndogo. Waya nene ya gitaa la besi hutoa sauti ya Hertz 41. Spika ya simu hudhoofika tayari chini ya Hertz 200 hivi. Rumba bila besi ni mwili bila miguu. Msanii amelipia kitu ambacho msikilizaji hakipati.

Dawa ipo. Besi iongezewe sauti za juu kidogo, sikio liifuate. Kisha wimbo ujaribiwe kwenye simu, tena kwa mono, maana sauti za kushoto na kulia zinazopingana hufutana. Unesco iliitambua rumba mwaka 2021; tuilinde hadi kwenye simu ya dereva wa pikipiki.