Daftari la mvua halisomwi peke yake

Mwishoni mwa Desemba 1888, Australia ikiwa imekauka, gazeti la The Australasian la Melbourne liliwapa nafasi wataalamu watatu wa nyota, waajiriwa wa serikali za makoloni, waeleze ukame unatoka wapi. Mmoja wao, Charles Todd wa Adelaide, aliweka kumbukumbu zake za mvua kando ya zile za India. Akaona kwamba ukame mkali wa nchi hizo mbili, zilizotenganishwa na maelfu ya kilomita za bahari, kwa kawaida huja wakati mmoja. Sababu hakuijua. Ilibidi kungoja hadi 1924 ndipo Gilbert Walker, aliyekuwa mkuu wa hali ya hewa huko India, alipoipa jina ile mizani ya mgandamizo wa hewa inayopanda upande mmoja ikishuka upande wa pili, kati ya Pasifiki na Bahari ya Hindi. Na hadi 1969 ndipo Jacob Bjerknes alipoiunganisha na joto la bahari ambalo wavuvi wa Peru walikuwa wakiliita El Niño. Sisi wa Afrika Mashariki jina hilo tulilijua vizuri kwa mafuriko ya 1997 na 1998. Wachache wanajua kwamba moja ya nyuzi zake za mwanzo ilishikwa na mkuu wa posta.

Ndiyo, mkuu wa posta. Todd alizaliwa London mwaka 1826, akaanza kazi ya kukokotoa hesabu katika kituo cha nyota cha Greenwich akiwa kijana wa miaka 15, na mwaka 1855 akapelekwa South Australia akiwa na vyeo viwili kwa mpigo: mtaalamu wa nyota wa serikali na msimamizi wa telegrafu. Baadaye akaongezewa posta yote. Leo tungesema ni ubahili wa serikali, na pengine ulikuwa hivyo. Lakini ubahili huo ulizaa kitu. Mwaka 1872 alikamilisha waya wa telegrafu wa takriban kilomita 3,200 kutoka Port Augusta kusini hadi Darwin kaskazini, ukikata jangwa katikati. Umeme wa waya hupungua nguvu unavyosafiri, kwa hiyo kila baada ya umbali fulani palihitajika kituo chenye watu wa kupokea ujumbe na kuutuma upya. Ndivyo makarani walivyojikuta wakiishi mahali kama Alice Springs, palipoitwa kwa jina la mke wa Todd, ambako hakuna serikali ambayo ingejenga kituo kwa ajili ya mvua tu. Todd, aliyekuwa bosi wao, akawapa vipimajoto na vipimamvua, akataka namba zao zifike Adelaide kwa waya uleule. Kwa namna hiyo aliweza kuchora ramani ya hali ya hewa ya siku hiyohiyo badala ya kungoja barua za mwezi uliopita.

Sifa ya Todd kwa kawaida hupewa waya, na wenye kupenda anga humkumbuka kwa kuitazama Zuhura ikipita mbele ya jua mwaka 1874. Kwa maoni yangu, jambo lake kubwa ni lile la 1888, na linatufundisha kitu mahususi: daftari la mvua hutoa siri yake likilazwa kando ya daftari la jirani. Angekuwa na namba za Adelaide pekee, angekuwa na orodha ya miaka mibaya, basi. Wakulima wake walikuwa nayo hiyo kichwani bila kipimo chochote. Aliweza kulinganisha kwa sababu idara ya hali ya hewa ya India, iliyoanzishwa 1875, ilikuwa ikichapisha takwimu zake, na mtu wa koloni jingine angeweza kuzisoma.

Atakuwepo wa kusema kwamba huku ni kuupamba ukoloni. Hoja hiyo haikwepeki, wala sitaki kuikwepa. Waya ule ulivutwa ili bei na habari za London zifike haraka, na ulipita juu ya ardhi na visima vya watu ambao hawakuulizwa. Februari 1874 watu wa kabila la Kaytetye walishambulia kituo cha Barrow Creek na kuwaua wafanyakazi wawili; doria za kulipiza kisasi zikaua wenyeji wengi zaidi. Kila namba iliyotoka kwenye vituo vile ilitoka ndani ya historia hiyo. Tena daftari lilikuwa na upofu wake: ujuzi wa wenyeji kuhusu majira, uliokusanywa kwa maelfu ya miaka, haukuwa na safu yake katika fomu za Todd. Hata hivyo, mvua iliyopimwa 1874 ilinyesha kweli, na kuitupa namba yake hakumrudishii mtu yeyote ardhi. Tunaweza kulaani aliyeshika kipimo na bado tukakisoma kipimo.

Hoja ya pili ni ya kisasa: tuna setilaiti, vipimamvua vya nini? Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa ilirushwa 1960, kwa hiyo haina la kutuambia juu ya miaka ya kabla. Halafu, kwa sehemu kubwa setilaiti hukadiria mvua kutokana na mawingu inayoyaona kutoka juu, na makadirio hayo husahihishwa kwa kulinganishwa na maji yaliyoingia kwenye chombo ardhini. Pasipo na chombo, kosa hubaki palepale likiwa limevaa rangi nzuri za ramani. Hoja iliyo nzito kuliko hizo mbili ni ya fedha. Idara zetu za hali ya hewa zina bajeti ndogo, na kuuza takwimu ni mojawapo ya njia zao za kupata chochote. Nakubali kwamba kampuni ya ndege au ya bima ilipe. Lakini mtafiti wa chuo au bwana shamba anayetakiwa kuandika barua na kulipia mvua ya kijiji chake ataachana nayo, na daftari litabaki kabatini likisomwa na mende.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, maana bahari ni ileile. Maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yanapopata joto kuliko ya mashariki, vuli yetu hufurika na Australia hukauka. Ilikuwa hivyo mwaka 2019: Novemba maporomoko ya udongo yaliua watu wengi West Pokot, huku misitu ya New South Wales ikiwaka. Vituo vya kanda, kama kile cha IGAD, shirika la nchi za mashariki na Pembe ya Afrika, kilichoko Kenya, hutoa utabiri wa msimu kwa pamoja, na ni kazi njema. Utabiri, hata hivyo, ni matokeo. Namba za kila siku zinazouzaa zimebaki nyuma ya mipaka. Wala haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1929 Waingereza waliunda idara moja ya hali ya hewa kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na sisi wenyewe tukaiendesha kwa pamoja baada ya uhuru, hadi ilipokufa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Jumuiya imefufuka, idara haikufufuka nayo. Pa kuanzia ni padogo: madaftari ya kabla ya 1977, yaliyowahi kuwa ya idara moja, yaingizwe yote kwenye kompyuta na kuwekwa mahali pamoja, ili mwanafunzi wa Mbarara aisome mvua ya Mtwara bila kuandika barua kwa mtu.