Kabla ya darubini kubwa, safisha data yako

Watu wakisikia kwamba mchana naandika programu na usiku napiga picha za anga, swali lao huwa lilelile: "Ninunue darubini gani?" Jibu langu huwa haliwapendezi. Usinunue kitu. Kama una kamera ya kubadilisha lenzi, lenzi ya milimita 50 na stendi ya miguu mitatu, una kazi ya mwaka mzima. Picha zako hazipendezi kwa sababu data yake haijasafishwa, na darubini ya laki mbili itakukuzia uchafu uleule.

Sisi watu wa tarakilishi tunalijua jambo hili vizuri: ukiingiza takataka, utatoa takataka.

Chukua nebula ya M42 katika kundi la Jabari, yaani Orion. Iko umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi, na sisi wa Kenya tumebarikiwa: jioni za Januari na Februari inapita karibu na utosi. Lakini sehemu zake za nje ni hafifu sana, na kabla mwanga wake haujawa picha unachanganyika na mambo matatu ambayo hayatoki angani.

La kwanza ni namba ambayo kamera yenyewe huiongeza kwenye kila pikseli, hata pasipo mwanga wowote. La pili ni joto. Kihisi cha kamera kikipata joto huzalisha umeme wake chenyewe, na kiasi hicho huwa karibu maradufu kila joto linapopanda nyuzi 6 hivi. La tatu ni lenzi: hupitisha mwanga mwingi katikati na kidogo pembeni. Vumbi nalo huongeza madoa yake ya kivuli.

Sasa tazama hesabu. Mambo mawili ya kwanza yanajumlisha. La tatu linazidisha. Kwa hivyo dawa yake inajulikana: toa kwanza, kisha gawanya.

Tuseme mwanga wa anga tupu ni 1000, na pembeni lenzi inapoteza asilimia 30. Katikati utapata 1000, pembeni 700. Pale pembeni pakiwa na utando wa nebula wa 50 zaidi, kamera itaandika 735. Yaani unatafuta tofauti ya 35 ndani ya kosa la 300! Gawanya 735 kwa 0.7 na unapata 1050. Nebula imerudi, na hukununua chochote.

Lakini mpangilio ni muhimu. Kamera ikiwa imeongeza 500 yake kila mahali, anga tupu litasoma 1500 katikati na 1200 pembeni. Ukigawanya bila kutoa ile 500, pembeni panakuwa 1714, na picha inang'aa kwenye kona kama imewekewa taa. Ukiona hivyo usimlaumu aliyeandika programu. Ni hatua moja imerukwa.

Sasa wengi wanaoanza hufanya nini? Wanafungua picha ya JPEG, ambayo kwa kila rangi ina viwango 256 tu, ilhali faili la RAW huwa na 4,096 au 16,384. Kisha wanavuta mwangaza juu, wanakoleza rangi, wanapaka weusi kwenye kona ili kuficha. Ukishavuta mwangaza, namba zimepindishwa, na ule mgawanyo wa haki hauwezekani tena. Ni kama kutibu hitilafu ya hifadhidata kwa kubadilisha rangi ya vitufe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni usiku mzima mbele ya skrini.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu:

1. Piga RAW. Kwa lenzi ya milimita 50 bila mtambo wa kufuata nyota, sekunde 4 zinatosha, kwa maana anga huzunguka nyuzi 15 kila saa. Piga picha 200. Hizo ni dakika 13 na kidogo za mwanga.

2. Funika lenzi na upige fremu za giza 20 au 30 kwa ISO ileile, muda uleule na usiku uleule. Fremu za baridi ya Nyahururu hazitakufaa kwenye joto la Mombasa.

3. Bila kugusa fokasi, tandaza fulana nyeupe juu ya lenzi na upige mwanga sawasawa, kama vile anga la alfajiri, histogramu ikiwa katikati. Piga 20. Hizi ndizo za kugawanyia.

4. Funika tena, upige 20 kwa kasi ya juu kabisa ya kamera. Hizi ni za kutoa ile namba ya kamera kwenye fremu za hatua ya 3. Fremu za giza tayari zinayo ndani yake, kwa hivyo usiitoe mara mbili.

5. Ingiza zote kwenye Siril au DeepSkyStacker. Zote ni za bure. Programu itatoa, itagawanya, itapanganisha nyota na kuchukua wastani. Picha 200 hupunguza chenga kwa takribani mara 14, ambayo ni kipeuo cha pili cha 200.

6. Hapo ndipo uvute mwangaza, kidogo kidogo, kwa Siril yenyewe au GIMP.

Njia hii inatufaa sisi hasa. Hapa Nairobi nyota ya kaskazini, ambayo watu wa Ulaya huitumia kulenga mitambo yao ya kufuata nyota, iko chini ya upeo wa macho. Picha fupi nyingi hazihitaji mtambo huo. Ni kweli, hazitatibu fokasi mbovu wala taa za jiji. Kwa taa, panda gari uende Magadi.

Najua kuna atakayesema siku hizi akili bandia inaondoa chenga kwa sekunde chache. Naam, na kwenye data safi inasaidia. Lakini ukiipa data chafu inalazimika kukisia, na inaweza kukuchorea nyuzi za gesi ambazo hazipo. Picha hiyo itapendwa na wengi, ila haitakuwa picha ya M42. Mimi naona hapo ndipo penye tofauti kati ya kupiga picha ya anga na kuchora anga. Hata picha za Hubble hupitia kutoa na kugawanya huku kabla mwanasayansi hajazigusa, na ile ni darubini yenye kioo cha mita 2.4.

Kwa hivyo hiyo laki mbili iweke kwanza. Msimu mmoja wa fremu za giza na fulana nyeupe utakuonyesha kama unaihitaji kweli, na ukiihitaji utajua ni ya nini.