Dohani ya Mmoja, Ukuta wa Wote

Wako watu wanaodhani kwamba mtu akishapewa ufunguo wa jumba la Mji Mkongwe wa Zanzibar, amepewa pia ruhusa ya kulitoboa apendavyo. Dhana hiyo ni potofu, na haina budi kupingwa waziwazi.

Jambo lenyewe huanza kwa udogo. Jumba la kuishi linageuzwa hoteli. Mgeni anataka maji ya moto, hoteli inanunua boila ya dizeli au ya gesi, na boila lazima itoe moshi. Fundi huchukua tindo na nyundo, akapasua ukuta upande wa kichochoro, akapitisha bomba la bati na kuziba kandokando kwa saruji. Ni kazi ya asubuhi moja, na mwenye hoteli huiita maendeleo.

Lakini ukuta ule si wa matofali ya kiwandani. Ni vipande vya mawe ya matumbawe vilivyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, navyo husimama kwa kuegemeana. Tundu likitobolewa pasipo kutegemezwa, mawe ya juu hulegea. Ndani ya ukuta huohuo zimelala ncha za boriti za mikoko zinazobeba sakafu ya juu. Bomba la moto likipita karibu nazo, mti hukaushwa mwaka baada ya mwaka, na mti uliokaushwa hivyo huweza kushika moto kwa joto dogo kuliko kawaida. Tena moshi ukipoa hutoa maji yenye asidi, na asidi hula chokaa. Saruji nayo, ambayo mafundi wengi huiona dawa ya kila kitu, haiuachi ukuta upumue. Unyevu hunaswa ndani na chumvi ikabambua lipu. Beit el Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, halikuangushwa na dohani. Hata hivyo, sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, ilidhihirika kwamba subira ya kuta hizi ina mwisho.

Hasara hiyo ni ya nani? Nyumba za Mji Mkongwe zimeshikamana, na vichochoro vyake ni vyembamba hata moshi unaotoka katika ukuta wa hoteli huishia katika dirisha la jirani. Faida huhesabiwa na mmoja, tena kwa fedha za kigeni. Moshi na nyufa hugawiwa wengine, ambao wengi wao hawana uwezo wa kukarabati. Huo ni ubinafsi, hata ukipakwa rangi ya utalii.

Mamlaka ya kuuhifadhi mji huu iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikautia katika orodha ya urithi wa dunia. Wanaonung'unika kwamba kuomba idhini ni usumbufu wa kikwetu tu wajue kwamba hata Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1990, kubadili sura ya jengo lililohifadhiwa pasipo idhini ni kosa la jinai.

Hapana anayedai kwamba wageni waoge maji baridi. Hamamni, nyumba ya kuogea iliyojengwa kwa amri ya Sultani Barghash katika karne ya 19, ilipashwa kwa moto chini ya sakafu. Lakini moto huo ulipangiwa mahali pake tangu msingi. Leo iko mitambo ya jua isiyohitaji dohani kabisa, na ukingo wa paa unatosha kuificha. Pale ambapo boila haiepukiki, iwekwe uani, dohani ipande hadi kuyapita mapaa ya majirani, ikae mbali na boriti, na ifungwe kwa namna itakayowezesha kuiondoa bila kuacha kovu.

Mamlaka isingoje nyufa. Dohani iliyopitishwa pasipo idhini ing'olewe, na gharama ya kuuziba ukuta kwa mawe na chokaa ailipe aliyeutoboa, si mpangaji wa jirani wala hazina ya umma.