Leseni Yako au ya Mazabodi?
Ongeza RAM au badilisha diski, Windows kwa kawaida hainuni. Gusa mazabodi uone: kava ni lilelile, meza ileile, lakini Microsoft inaona mashine ngeni na leseni inagoma. Utaratibu wa kuifunga leseni kwenye vifaa vya ndani uliingia katika Windows XP mwaka 2001, na sababu yake naielewa, maana nakala moja ilikuwa ikizunguka mtaa mzima. Kinachoniudhi ni kwamba leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani huzikwa na mazabodi yake, isipokuwa ikibadilishwa kwa sababu ya ubovu, ilhali iliyonunuliwa peke yake dukani huhamishika. Muuzaji gani hukueleza hilo? (Anayekuuzia leseni kwa bei ya soda ndiye hasemi kabisa.) Tangu toleo la Windows 10 la Agosti 2016, leseni huweza kuunganishwa na akaunti yako ya Microsoft, kisha ukairejesha kupitia mipangilio kwa kueleza kwamba umebadilisha kifaa cha ndani. Iunganishe kabla fundi hajashika bisibisi. Mazabodi ikishaungua, kuthibitisha kwamba ulilipa ni kazi nyingine.