Kliniki isimsahau mama aliyekoma hedhi

Mwanamke wa Kajiado akiwa mjamzito, kila mtu ana swali la kumuuliza. Muuguzi anampima presha, mhudumu wa afya ya jamii anapita nyumbani, kadi ya kliniki inajazwa. Akifika miaka 48, hedhi ikaanza kuruka miezi, joto likampanda kifuani hadi usoni na usiku shuka zikalowa jasho, maswali yanakwisha. Hiyo si haki, na kaunti inaweza kuirekebisha bila kungoja Nairobi. Huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti tangu 2013.

Tazama Namanga, mji wetu wa mpakani. Chini ya mlima Ol Doinyo Orok akina mama wanashinda juani wakiuza shanga kwa watalii wanaoelekea Amboseli, na wengine wanavuka mpaka na biashara zao. Joto la ghafla likimkuta mama pale, atadhani ni jua, au ni malaria, au presha imepanda. Atameza dawa ya kila kimoja, na wiki ijayo joto litarudi. Na kweli jasho la usiku laweza kuwa malaria au TB, ndiyo maana anastahili kupimwa, si kukisiwa.

Kukoma hedhi si ugonjwa. Kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55, na mama huhesabiwa amekoma akitimiza miezi 12 mfululizo bila damu. Lakini jambo la kawaida nalo huumiza. Homoni ya estrojeni ikipungua, usingizi hukatika, hasira huja haraka, uke hukauka hadi tendo la ndoa likawa mateso, mkojo huchoma mara kwa mara, na mifupa hupoteza uimara. Wanaosumbuliwa na joto mara nyingi hukaa nalo kwa wastani wa miaka 7. Hebu fikiria miaka 7 ya kulala vibaya huku ukiamka alfajiri kukama ng'ombe kisha kwenda sokoni.

Dawa zipo. Inayopunguza joto kuliko zote ni tiba ya homoni, yaani kurudisha estrojeni kidogo kwa kidonge, kibandiko au jeli ya kupaka. Mwenye mji wa mimba huongezewa projesteroni ili asipate saratani humo. Wengi waliiogopa baada ya utafiti mkubwa wa Marekani uliositishwa 2002 kwa sababu ya saratani ya matiti na matatizo ya moyo. Hofu hiyo ilizidi kipimo. Wanawake waliochunguzwa walikuwa na umri wa wastani wa miaka 63, na uchambuzi uliofuata umeonyesha kwamba kwa mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu akome hedhi, faida kwa kawaida hushinda hatari. Asiyefaa kuitumia ni kama aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyewahi kuganda damu mishipani, au mwenye ini bovu. Yeye ana dawa nyingine: baadhi ya dawa za sonona kwa kipimo kidogo, au gabapentini. Kwa ukavu ipo krimu ya kupaka ukeni.

Vidonge vya kupanga uzazi visigeuzwe tiba hii. Homoni zake ni kali zaidi, na kwa mama wa miaka 50 mwenye presha ni hatari. Pia kuruka kwa hedhi si kinga ya mimba. Wapo walioshtukia mimba wakidhani wamekoma.

Namanga ni mji wa dawa za Kimasai vilevile. Mezani kuna magome ya osokonoi, vijiti vya olkiloriti, unga katika chupa za plastiki, na nyuma yake mama muuzaji ambaye ana muda wa kukusikiliza. Muda huo ni tiba ambayo hospitali zetu zimeinyima foleni. Lakini kwa joto la kukoma hedhi, hakuna kati ya dawa hizo iliyopimwa ikathibitishwa. Hata vidonge vya soya na mzizi wa black cohosh vinavyosifiwa ng'ambo havikupita: mwaka 2023 Chama cha Ukomohedhi cha Amerika Kaskazini kilipopitia ushahidi hakikuvipendekeza, kikakubali tiba ya mazungumzo na kupunguza uzito. Kutembea na kunywa maziwa, mambo ambayo Mmasai hahitaji kufundishwa, husaidia mifupa.

Anayetumia dawa hizo za miti amwambie muuguzi anachotumia. Mimea mingine hudhoofisha ARV au huvuruga dawa za presha na sukari. Muuguzi akimfokea, kesho atanyamaza, na kunyamaza ndiko kunakoua.

Tunaidai kaunti mambo mawili. Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa vifaa vya kupima presha na sukari mwaka 2023, waongeze swali moja wanapozuru boma: mama, hedhi yako ikoje? Na hospitali zilizoko kando ya barabara ya Namanga hadi Kitengela ziwe na mtu aliyefunzwa kujibu, pamoja na dawa zenyewe, ili mama asipande matatu hadi Nairobi kutafuta krimu. Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba asili. Basi wauza miti waitwe mafunzoni, si kufukuzwa barabarani.

Na jambo moja lisingoje bajeti. Damu ikirudi baada ya mwaka mzima wa kukauka, hata tone, huo si ujana uliorudi kama wengine wanavyosema. Inaweza kuwa saratani ya mji wa mimba au ya mlango wake, na zikigunduliwa mapema hutibika. Muuza miti na mhudumu wa boma, wote wawili, wamwambie mama huyo aende hospitali wiki hiyohiyo.