Kitabu Si Kadhi wa Katuni

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, ipo hukumu iliyozoeleka mno miongoni mwa mashabiki wa katuni za Kijapani, nayo ni hii: kwamba kitabu ndicho asili na katuni ni kivuli, kwamba katuni njema ni ile iliyofuata kitabu hatua kwa hatua, na kila iliyoiacha njia hiyo imeharibu kazi ya watu. Vijana huitoa hukumu hii kwa ukali, wala hawasikilizi rufaa. Mimi naipinga. Naipinga kwa kuwa haizitendei haki kazi zenyewe, na kwa kuwa ni ndugu wa kosa ambalo sisi watu wa ushairi tumelilea kwa miaka mingi, yaani kudhani kwamba shairi ni yale maandishi yaliyolala juu ya karatasi.

Najua wapo pia wazee wenzangu watakaouliza mwalimu mstaafu anatafuta nini kwenye michezo ya watoto. Jibu langu ni fupi. Wajapani huchora hadithi kwa ajili ya watoto, vijana, akina mama na wazee, kila rika na majarida yake. Zile za karatasini huitwa manga, na zile zinazotembea kwenye skrini huitwa anime. Wajukuu wangu ndio walionifungulia mlango; nilipoingia nikakuta ndani wanazungumza habari za mizani. Ningetokaje?

Kazi niliyoikuta ni Chihayafuru ya Bi. Yuki Suetsugu. Manga yake ilitoka kwa mfululizo tangu mwaka 2007 hadi 2022, ikatimia juzuu 50, na mwaka 2009 ikapata tuzo ya Manga Taisho. Studio ya Madhouse iliihamishia kwenye anime kwa misimu mitatu: wa kwanza ulianza 2011, wa pili 2013, na wa tatu 2019. Ni hadithi ya msichana Chihaya Ayase na mchezo wa karata uitwao karuta, ambao msingi wake ni mashairi. Mashairi hayo ni mia moja, ya washairi mia moja, na mkusanyaji wake anatajwa kuwa Fujiwara no Teika wa karne ya 13. Jina la hadithi limetokana na neno la kwanza la shairi la 17, la mshairi Ariwara no Narihira.

Kila shairi lina mizani 31, katika vipande vitano: 5, 7, 5, 7 na 7. Hapa mpenzi wa tungo za Kiswahili atajiona yuko nyumbani. Kijapani nacho huhesabu silabi zilizo wazi, zenye kuishia na irabu, na herufi yao ya «n» ikisimama peke yake huhesabiwa mizani kamili, kama tunavyoihesabu «m» katika neno «mtu». Hawana vina kama vyetu, lakini hesabu wanayo, na wameitunza kwa zaidi ya miaka elfu.

Mchezo wenyewe huchezwa hivi. Karata 50 hutandazwa sakafuni, 25 kwa kila mchezaji, na kila karata imeandikwa vipande viwili vya mwisho tu vya shairi. Wachezaji hupewa dakika 15 za kukariri mahali pa kila karata. Kisha msomaji huanza kughani shairi toka mwanzo, na mchezaji atakayelitambua mapema ndiye atakayeipiga karata yake kwa mkono kabla ya mwenzake. Mashairi saba hutambulika kwa silabi ya kwanza tu; mengine humlazimu mchezaji asubiri hata silabi sita. Katika mashairi mia yanayosomwa, 50 hayana karata sakafuni, kwa hiyo atakayepapatika atagusa asipostahili na kuadhibiwa.

Sasa niwaulize hao wanaokifanya kitabu kuwa kadhi: mchezo wa namna hii, ambao uhai wake wote ni sauti, makao yake ya haki ni karatasi au ni sikio? Kipaji cha Chihaya ni masikio yake. Huisikia pumzi ya msomaji kabla silabi haijazaliwa. Kwenye manga, Bi. Suetsugu hulazimika kuichora sauti hiyo: huandika herufi kubwa, hutawanya mistari ya mwendo, huchora macho yaliyokodoka. Hufanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo msomaji huambiwa tu kwamba kumekuwa kimya, kisha sauti. Anime hukiacha kimya chenyewe kiwepo. Msomaji humaliza vipande viwili vya shairi lililopita, hutua kwa kitambo, huvuta pumzi, nasi tuliokaa mbele ya skrini tunazuia pumzi zetu. Halafu silabi inatoka. Hapo anime imekirudishia kitabu kitu ambacho kitabu kilikuwa kikikiota tu.

Simaanishi kwamba katuni ndiyo mshindi katika kila jambo. Kwenye kitabu msomaji ndiye mwenye saa. Aweza kuutazama ukurasa mmoja hata chai ikapoa. Kwenye anime mkono hubaki hewani huku mchezaji akiwaza maneno ya nusu ukurasa, na mtazamaji hushangaa silabi moja imerefukaje hivyo. Tena anime ilisimama kabla ya hadithi kwisha. Atakaye kujua mwisho hana budi kukirudia kitabu. Ninachokataa ni ile kauli kwamba mmoja ni bwana na mwingine mtumwa.

Wapinzani wangu wana kielelezo chao, tena kizito, nami sitakikwepa: The Promised Neverland, manga ya Kaiu Shirai na mchoraji Posuka Demizu. Msimu wake wa kwanza, wa mwaka 2019, ulisifiwa sana. Wa pili, wa 2021, uliruka sehemu kubwa za kitabu, ukabana yote yaliyosalia katika vipindi 11, na kipindi cha mwisho kikamalizia mambo mazito kwa picha zilizosimama zikipita moja baada ya nyingine. Ilikuwa aibu, nakubali. Lakini tuitaje aibu kwa jina lake. Msimu ule haukuanguka kwa sababu uliacha kitabu. Ulianguka kwa sababu ulikiacha kitabu na haukuwa na chochote cha kuweka mahali pake.

Ushahidi ni Fullmetal Alchemist ya Bi. Hiromu Arakawa. Anime yake ya kwanza ilianza mwaka 2003, wakati manga ilikuwa bado safarini. Ilikuja kwisha mwaka 2010. Watengenezaji waliachana na kitabu wakajitungia njia yao katika vipindi 51. Je, walipotea? La hasha. Katika toleo lao, viumbe wanaowaandama wale ndugu wawili huzaliwa pale mtu anapojaribu kumrudisha maiti duniani akashindwa. Kila kosa la huzuni hupata miguu na kumwandama aliyelitenda. Wazo hili limo katika anime ile, kitabuni halimo, nalo ni wazo la mshairi. Mwaka 2009 likaja toleo la pili, la vipindi 64, lililokifuata kitabu kwa karibu, nalo ni zuri kwa uzuri wake. Sioni kwa nini kuwapo kwa la pili kulifute la kwanza.

Tena uaminifu kwa kitabu una maradhi yake. Katuni ikimkaribia mwandishi ambaye hajamaliza kuandika, hujazwa vipindi visivyo na kazi ili kusubiri. Naruto ya kwanza ilikuwa na vipindi 220, na karibu vyote kuanzia cha 136 ni vya kujazia. Sisi tunaufahamu ugonjwa huu. Ni yule mtunzi aliyebakiwa na mizani tatu mwishoni mwa mshororo, akachomeka «kweli» au «nawambia» ili hesabu itimie. Hesabu imetimia, shairi limekonda.

Na hapa ndipo hoja yangu inapotugusa sisi. Katika Chihayafuru yumo msichana aitwaye Kanade Oe, mpenzi wa mavazi ya kale na mashairi ya kale. Wenzake wanajali silabi za kwanza tu, maana ndizo zinazoshinda mchezo. Yeye huwakumbusha kwamba nyuma ya silabi hizo kuna mtu aliyependa, aliyefiwa, aliyeutazama mto wa vuli. Chihaya anapoanza kumsikiliza, mashairi yaliyokuwa milio mitupu yanapata rangi, na hata mchezo wake unakomaa. Nilifundisha ushairi kwa miaka mingi, na niliwaona wanafunzi wakihesabu mizani kwa vidole, wakataja vina vya kati na vya mwisho bila kukosea, wakapata alama zao, wakaondoka bila kuwahi kusikia shairi hata moja likighaniwa. Tuliwapa karatasi tukawanyima sauti, na maana tukaiweka kwenye swali la mwisho, la hiari. Kisha tunashangaa kwamba vijana wanaikimbia fasihi yetu na kukesha wakitazama Wajapani wakigombania mashairi ya karne nyingi zilizopita!

Liko na jambo jingine linalonikera. Wengi wetu tunayaonja mashairi hayo mia kupitia maandishi ya Kiingereza yapitayo chini ya picha, na mizani 31 hufika kwetu ikiwa nathari iliyochoka. Lugha yetu ina silabi zilizo wazi na jadi ndefu ya kuhesabu. Ina haki zaidi ya kuyapokea kuliko hiyo tunayoiazima. Malenga aliye tayari kujifunza Kijapani, au kukaa meza moja na anayekijua, ayalete kwa Kiswahili, kwa 5, 7, 5, 7 na 7, kisha ayaghani kwa sauti.

Nanyi vijana, msiulize tena kama katuni imefanana na kitabu. Ulizeni kilichoachwa kimeachwa kwa sababu gani, kilichowekwa mahali pake kina uzito gani, na je, kazi mpya imesema kitu ambacho ya kwanza haikuweza kukisema? Katuni itakayoyajibu maswali hayo haihitaji ruhusa ya kitabu.